Eda ya Mwaija

Kijiji cha Ujamaa Kwembago,
Handeni.
2 Septemba, 1974

Somo yangu Swaumu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Laurenti, dereva wa lori la unga. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe mtu wa njiani. Ukishaisoma utajua kwa nini.

Tumehama, somo. Nadhani habari zimefika huko Kilole kabla yangu. Tulikuwa tumeambiwa tangu mwezi wa sita kwamba tutahamishwa, ila kila wiki ilikuwa ni wiki ijayo. Unajua mtu anavyokaa akingoja jambo la namna ile. Ukisikia gari unasimama na sufuria mkononi, gari likipita unakaa. Tulifanya hivyo majuma na majuma, na siku mgambo walipokuja kweli mimi nilikuwa nimekaa, nimechoka kusimama. Waliezua paa nikiwa bado ndani natafuta kibuyu cha samli. Nyumba ile aliijenga Mwinjuma kwa mikono yake mwaka aliponioa. Sisemi haya kwa kulalamika, maana hapa Kwembago tunaambiwa shule inakuja, bomba linakuja, na zahanati imekwisha kufunguliwa. Kwa sasa kilichokuja zaidi ni unga wa njano, ambao ukiusonga ugali unanuka gunia.

Nyumba nimepata. Mwenyekiti alimpanga Eliasi, fundi mmoja Mshambaa, awaezekee wanawake wote ambao waume zao wako kwenye mikonge. Yangu imetoka nzuri kuliko za wenzangu, hata mkewe Lea ananitania ananiuliza nilimpikia nini mumewe. Basi mahali pa kulala si tatizo, tatizo ni huyu anayelala.

Somo, mwili wangu sijui una nini. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu nachambua mboga. Mikono inatetemeka mpaka chumvi naimwaga. Tumbo mara limefunga, mara linaniendesha, na asubuhi natapika. Nywele zinatoka na kitana. Usingizi umenikimbia, na nikiupata nasikia lori. Na kubwa kuliko yote, ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine, damu yangu ya mwezi imesimama. Tangu mwezi wa saba sijaiona.

Wewe ndiye uliyekaa nami ndani nilipovunja ungo, ukanifunda kwamba habari za damu ni za mwali na somo wake, hata mama mzazi hazimhusu. Basi nakuletea wewe. Mwinjuma hajafika nyumbani tangu Idi Kubwa, mwezi wa kwanza, kwa hiyo usiniulize swali ambalo wanawake wa hapa wangeniuliza. Niambie tu nifanye nini. Nilitaka nimwandikie yeye mwenyewe nimweleze, ila naona haya.

Mwali wako,
Mwaija binti Sadala


Kilole,
Korogwe.
8 Septemba, 1974

Mwali wangu Mwaija,

Marahaba. Barua nimeipata mkononi, na Laurenti amekunywa chai hapa. Niliisoma mlango umefungwa, nikaisoma tena, kisha nikaichoma jikoni. Siri yako iko kwangu na kwangu ndiko itakakoishia.

Usiogope. Wanawake tuna mambo mengi, na hayo yako si mageni kwangu. Nakutumia mizizi, nimeifunga kwenye kipande cha kanga. Ichemshe yote pamoja mpaka maji yawe mekundu, uyanywe asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, na siku hiyo usiwe karibu na watu. Itasafisha tumbo. Itauma, lakini yatapita. Inywe kabla Ramadhani haijaingia. Usimwonyeshe huyo muuguzi wa zahanati, hawa wasichana wa siku hizi hawana kifua.

Na Mwinjuma usimwandikie neno. Nisikilize vizuri hapa. Mwanamume akiwa mbali ukimpa habari nusu, ile nusu nyingine anaijaza mwenyewe. Jumapili akitoka kazini Ngombezi anakuja kula kwangu, namtazama, ni mzima, anakutaja. Mimi ndiye niliyempeleka kwenu kuposa, na nilimwambia nampa mwanamke aliyefundwa. Niachie mimi.

Huyo Eliasi anakaa mbali, au nyumba zenu zinatazamana?

Somo yako,
Swaumu


Kwembago,
20 Oktoba, 1974

Somo yangu,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imeshapita.

Mizizi yako niliinywa kama ulivyosema, nikadhani naaga dunia. Nilijikunja chini sakafuni tumbo likinikata, na nilichotoa ni chakula na nyongo. Damu hata tone. Nikaoga, nikajiambia dawa imeshindwa, basi. Ile hali ya moyo imezidi. Mlango ukigongwa natokwa jasho.

Sasa nikupe ya Ramadhani. Sikuwaza kwamba mwezi mtukufu ungeniumbua. Kila mwanamke hapa zikifika siku zake anakula. Anajificha kidogo nyuma ya nyumba na sisi tunajifanya hatuoni, lakini tunaona, maana nyumba zimepangwa kwa mistari kama madawati na jiko la kila mtu liko machoni pa mtaa mzima. Mimi nimefunga mwezi wote. Mwanzoni walinisifu. Kufika kumi la mwisho wakawa wamenyamaza, na siku ya Idi mke wa mwenyekiti alinipa mkono huku ananitazama tumbo, uso akautazama baadaye. Na tumbo lenyewe limejaa gesi, halinisaidii kujitetea. Ningejua ningekula ugali saa sita mchana mlangoni kwangu, nikamwachia Mungu anisamehe.

Mwinjuma hakuja. Wenzake wa mikonge wamekuja, wameleta sukari na vitenge, wamechinja kuku. Yeye hakuja na hakuleta hata salamu. Nilimwuliza mmoja wao, akasema "yupo," kisha akaanza kuzungumza habari za mvua. Somo, si unamwona Jumapili? Kuna nini? Nimekaa kimya kama ulivyoniambia na ukimya huu sasa unanikaba. Kama na wewe huna la kuniambia, nitamwandikia mwenyewe.

Mwali wako,
Mwaija


Kilole,
25 Oktoba, 1974

Mwaija,

Mwinjuma ni mzima. Kazi ni nyingi, ndiyo maana hakuja. Usimwandikie bado.

Dawa ile nimewapa wengi na haijawahi kushindwa. Ikishindwa, basi kilichomo kimeshika. Mwali wangu, mimi si mtoto. Huna mume nyumbani tangu mwezi wa kwanza, unatapika asubuhi, damu imesimama, tumbo linajaa, umefunga Ramadhani nzima na kijiji kimekuona. Watakaponiuliza nitawajibu nini? Mtu akiharibika wanamwuliza somo wake alimfunda nini. Kama ni yule fundi, niambie mimi kwanza tujue pa kuanzia. Na mimi kuficha kwangu kuna mwisho.

Swaumu


Ngombezi,
Korogwe.
3 Novemba, 1974

Kwa Mwaija binti Sadala,

Nilitaka kuanza na "mke wangu," mkono ukakataa.

Nimeyajua kwa Mama Swaumu. Jumapili ya mwisho ya Ramadhani nilimwambia nakwenda nyumbani Idi, akasema nisiende. Nikamwuliza kwa nini, akasema nisiende tu. Nikambana, akalia, akasema una mimba ya fundi aliyekuezekea nyumba. Wiki iliyopita akaniongezea kwamba ulikunywa dawa ya kuitoa na haikutoka.

Siku ile niliposikia mdomo ulinikauka, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji. Kesho yake kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge, msimamizi alinitoa kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka. Alihofia nitaacha vidole mle. Tangu hapo chakula hakishuki. Mwili haudanganyi, Mwaija. Yangekuwa maneno ya uongo moyo ungekataa ukatulia, na wangu haujatulia mpaka leo.

Miaka yote hii nimengoja unizalie. Watu wangu wa Mashewa walipouliza niliwaambia Mungu hajapenda. Sasa imepatikana na si yangu. Ungeniandikia mwenyewe, hata mstari mmoja, ningekuja kukusikiliza. Ulinyamaza, na mtu asiye na kosa hanyamazi.

Nimekuacha talaka moja. Mashahidi ni Muhidini na jirani yake, wa laini yetu hapa, safu hii ya nyumba za wafanyakazi. Vyombo ni vyako. Sitakuja.

Mwinjuma


Kwembago,
15 Novemba, 1974

Mwinjuma,

Talaka yako niliisoma Lea akiwa pembeni yangu, akanidaka nisianguke. Huyo ndiye mke wa mtu uliyenipa kuwa bwana wangu.

Sina mimba. Nilikwenda zahanati siku ile ile, sikujali tena nani ananitazama. Muuguzi Hilaria alinilaza, akanibonyeza tumbo taratibu, akaniuliza maswali mengi, akasema hapa hakuna mtoto. Nikamwuliza basi damu imekwenda wapi. Akasema mwili wa mtu ukitishwa unaacha kazi zake za siku za amani, kama mama aliyesikia yowe akaacha ugali jikoni akasimama mlangoni tayari kukimbia. Moyo unapiga haraka upate kupeleka nguvu miguuni. Tumbo halisagi chakula. Usingizi hauji, kwa sababu mtu anayefukuzwa halali. Na kizazi nacho kinafunga, mwili umeona huu si wakati wa kubeba mtoto. Hofu ikiwa ya siku moja mwili unarudi wenyewe. Ikiwa ya miezi, na njaa juu yake, unakaa hivyo hivyo mlangoni. Akasema hapa kijijini amewaona wengine kama mimi, ila wao waume zao wako nyumbani, hakuna anayewachunguza.

Unasema mwili haudanganyi. Mwili wako ulitoka jasho kwa sababu uliambiwa jambo la kutisha. Mtu akikuambia kuna chatu chini ya kitanda utaruka, na moyo utakwenda mbio, na chini ya kitanda huenda kuna viatu vyako tu. Mwili hauulizi ni kweli au si kweli. Kuuliza ilikuwa kazi yako, na njia ya kutoka Korogwe kuja Handeni unaijua.

Nilinyamaza kwa kuwa niliambiwa ninyamaze. Mwulize aliyekuambia.

Mwaija


Kwembago,
15 Novemba, 1974

Kwa Swaumu,

Sikuamkii. Tangu nijue kusema sijawahi kukuona bila kukuamkia, na leo naona inawezekana.

Kipande cha mizizi yako niliyoichemsha kilibaki chunguni. Nimemwonyesha Hilaria, akakinusa, akaniuliza nani amenipa kitu hiki na kama nimekunywa. Nikamwambia. Akakaa chini. Amesema wanawake wanaokunywa dawa ile wengine hawaamki. Kwa hiyo ulipoandika itasafisha tumbo ulijua unachosafisha, na mimi nilikunywa yote kwa vile hukuwahi kunipa kitu kibaya maishani mwangu. Ungeweza kuniuliza kwanza. Mwaija, una mimba? Ni maneno machache hayo, wewe hukukosa karatasi. Hukuuliza kwa sababu jibu ulishakuwa nalo, na katika barua yangu nzima kilichokukaa kichwani ni fundi aliyeniezekea nyumba.

Ukaniambia nisimwandikie, kisha ukamwambia wewe. Nimeligeuza jambo hili huku na huku nione kama lina upande ambao si usaliti, nimeukosa. Na bado baada ya Idi ukaniandikia eti Mwinjuma ni mzima, kazi ni nyingi, na wakati huo ulikuwa umeshamlilia ukamwambia kila kitu. Ulinipa kimya nikakivaa, halafu kimya hicho ndicho kikawa ushahidi wake.

Nilipokuwa mwali mle ndani nilikuwa naogopa sana. Ulinishika mkono ukaniambia mwanamke mwenye somo haogopi mwili wake. Niliamini hivyo mpaka juzi. Nina hasira nawe kiasi kwamba naandika nimesimama, kukaa siwezi.

Mwaija binti Sadala


Kilole,
12 Januari, 1975

Mwaija,

Hukuniamkia, na mimi nakuitikia vilevile. Marahaba.

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Mara ya kwanza nilikasirika, maana hakuna mwali wangu aliyewahi kuniandikia namna ile. Sasa nakujibu kama nilivyo.

Sikukusudia kumwambia. Nilitaka asije Idi, dawa ipate muda, akija mwezi mwingine akute mke wake ni mzima, na mimi na wewe tumalize mambo yetu kike. Akanibana. Alisimama pale mlangoni na chakula chake hajakigusa, akaniambia, "Mama Swaumu, wewe ndiye uliyenipa huyu mwanamke. Kama kuna jambo na hulisemi, umeniuza." Nikaogopa, Mwaija. Niliona mbele yangu siku tumbo litakapokuwa kubwa, na watu wote wa Kilole wanasema Swaumu alijua akaficha. Nina mabinti wa watu watatu mwaka huu wananingoja niwafunde. Nani angenipa? Nilijitoa mimi, nikakuacha wewe ndani. Nasema hivyo ilivyokuwa.

Usidhani mimi nimelala. Kichwa kinaniuma upande mmoja, shingo imekaza, hospitali wameniambia ni presha, nisile chumvi na nisiwaze. Chumvi nimeacha.

Lakini nikuambie na hili. Huyo Hilaria ni msichana, hajazaa. Anaweza kukosea. Kama ni kweli huna kitu, mwezi wa nne hauko mbali, na mwezi wa nne utasema. Ukipita salama mimi mwenyewe nitakwenda Ngombezi nimpigie magoti.

Swaumu


Ngombezi,
27 Aprili, 1975

Kwa Mwaija,

Laurenti amekuona kisimani umebeba ndoo kichwani. Nilimwuliza mara mbili, akanicheka akasema, "Kwani ulitaka niseme nini, mwanamke ni mwembamba kama ufito." Mama Swaumu naye alikuja hapa laini, akapiga magoti mbele ya watu. Sikujua nimfanye nini.

Hesabu imekwisha, na hakuna mtoto. Nimekosa. Nimeandika neno hili mara nyingi kwenye karatasi nikalichana, sasa naliacha lilivyo.

Mimi tumbo limeota vidonda. Nakunywa dawa nyeupe kama chokaa na maziwa nikiyapata. Daktari aliniuliza kama nina jambo linalonisumbua, nikamwambia sina.

Nataka kukurudisha. Nilimwandikia Maalim Mhina wa hapo kwenu nikamwuliza kama nimechelewa. Amenijibu kwamba eda ya mwanamke aliyeachwa, kama anapata damu, ni tohara tatu, yaani damu ije na aitoharike mara tatu, na kwamba wewe mwezi wa pili ulimweleza damu haijarudi. Amesema kwa kuwa imesimama kwa hofu na si kwa uzee, unangoja mpaka irudi, na muda wote huo mimi nina haki ya kukurejea kwa neno langu tu, hata usipotaka. Sijalitamka neno hilo. Sitaki kulitamka hapa laini kama nilivyotamka lile la kwanza. Nitakuja baada ya wiki mbili, nitalitamka mbele ya wazee wa hapo, waliosikia ubaya wasikie na wema.

Kwa hiyo bado u mke wangu, Mwaija. Nakushukuru kwamba mwili wako umeningoja.

Mwinjuma


Kwembago,
25 Mei, 1975

Kwa Swaumu,

Barua zako mbili nimezipata, zote zinauliza jambo moja. Mwinjuma naona hajakueleza vizuri, au amekueleza na hukuamini. Nitakueleza mimi mara hii moja.

Alikuja na basi, na kanga mpya, na sukari. Amekonda, Swaumu. Mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Nilipomwona anashuka moyo wangu ulikwenda mbio kama kawaida yake, na sikujua kama ni mapenzi au hofu au hasira. Zamani ningekuuliza wewe. Siku ile niliuacha ukimbie mpaka ukachoka.

Tulikaa barazani kwa Maalim Mhina. Wazee walikuwapo, Eliasi na Lea nao walikuwapo, niliwaita mimi. Mwinjuma alisema maneno mazuri. Alimwomba Eliasi radhi, akaniomba mimi radhi, akalia mbele ya wanaume. Nilimhurumia. Nakuambia kweli, kama angelia hivyo mwezi wa kumi na moja ningembeba mgongoni mpaka nyumbani. Lakini nilikuwa nimeishi majira mazima ya mvua peke yangu, watu wakinipisha kisimani kana kwamba nimebeba kitu kinachomwagika. Nililima shamba la ujamaa pamoja na wanawake walioacha kuniimbisha. Mke wa mwenyekiti alikuwa anapita kwangu mara kwa mara kuazima kinu, na kinu anacho kwake. Walikuwa wanangoja mwezi wa nne, kama wewe. Nyote mlikuwa mnaungoja mwezi wa nne, na mimi nilikuwa nimeshawaambia mwezi wa kumi na moja.

Na lile neno la mwisho katika barua yake. Kwamba mwili wangu umemngoja. Mwili wangu ulikuwa unamwogopa, Swaumu, yeye anadhani ulikuwa unamngoja.

Maalim akasema kabla Mwinjuma hajatamka rejea lazima aniulize mimi kwanza. Akanigeukia, akasema, "Binti Sadala, umemaliza eda au hujamaliza?"

Mwinjuma akadakia, "Maalim, si uliniandikia hajamaliza?"

Maalim akamwambia, "Nilikuandikia nilivyoambiwa mwezi wa pili. Sasa ni mwezi wa tano." Akawaeleza wote kwamba katika jambo la damu ya mwanamke hakuna shahidi anayetakiwa isipokuwa kauli ya mwanamke mwenyewe. Akisema imekuja, imekuja. Akisema haijaja, haijaja. Kama amesema uongo dhambi ni yake na Mungu wake, haiwahusu watu wa barazani.

Nilikuwa sijui kwamba sheria imekaa hivyo. Nilimwomba aseme tena, akasema tena. Mwaka mzima nimewaambia watu habari za mwili wangu, wewe hukuamini, mume hakuamini, kijiji hakikuamini. Muuguzi alisema nao wakasema ni msichana. Na kumbe kulikuwa na swali moja ambalo nikilijibu hakuna mtu anayeruhusiwa kubisha.

Nikasema, "Nimemaliza."

Mwinjuma alinitazama sana. Akasema kwa sauti ndogo kwamba haiwezekani, kwa haraka hivyo. Akawageukia wazee, akasema, "Basi aulizwe somo wake. Somo wake ndiye anayejua." Na ni kweli, kwa desturi ndiyo ilivyo, wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Maalim akasema dini haimlazimishi mtu hilo, lakini kama mwenyewe binti anaridhia, wataita.

Nikawaambia sina somo.

Walidhani umekufa. Mzee mmoja akasema poleni.

Mwinjuma alilala kwa Muislamu mwenzake, asubuhi akaja kuniuliza kama atume posa upya, tuanze mwanzo. Nikamwambia arudi Ngombezi akatibu tumbo lake. Kanga nilimrudishia. Alikwenda kituoni taratibu, na mimi niliingia ndani nikalia mpaka Lea akaja kukaa nami, kwa hiyo usije ukadhani nilifurahi.

Sasa wewe unaniuliza kama damu ilirudi kweli, na ilirudi lini, na kama zimetimia tatu. Unaandika kwamba unaogopa nisije nikawa nimebeba dhambi. Unaandika pia kwamba moyo wako hautulii, presha imepanda, na ungelala vizuri ukijua.

Nakuamini kwamba hulali. Lakini jambo unaloliuliza mwanamke humwambia somo wake.

Mwaija binti Sadala